Birika lilelile, mara ya kumi na moja

[Muziki mfupi. Sauti ya kiti kikivutwa.]

KAKA: Haya, tumerudi, karibuni kwenye kipindi. Leo hatuko kule tulikozoea. Tumehamia kwenye chumba anachochorea mwenzangu wa kipindi, dada yangu hapa. Na kabla sijamsalimia, nina jambo. Ukutani kuna picha kumi na moja. Nimezihesabu. Zote kumi na moja ni za birika moja.

DADA: Kumi na moja ni zile zilizonusurika.

KAKA: Zilinusurika nini?

DADA: Kisu. Ile iliyoharibika naiparura, napaka upya juu yake. Turubai halitupwi hovyo.

KAKA: Na birika lenyewe lipo hapa mezani. Kwa kuwa hamlioni, niwaambie tu: si birika la kujivunia. La stili, limebonyea ubavuni, kifuniko kinakaa upande kama kofia ya mlevi.

DADA: Usilitukane, ndilo lililonifundisha kazi.

KAKA: Hapo ndipo nataka tuanzie. Maana watu wakikuuliza ulisomea wapi uchoraji, nimekusikia ukijibu hivyo hivyo. Nilidhani unatania.

DADA: Natania kidogo. Lakini wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi sikupita chuo cha sanaa, na ulimwengu ni mkubwa mno kuuleta mezani. Nikachukua birika.

KAKA: Kwa nini usichukue mtu? Wachoraji wote tunaowasikia walichora watu, wafalme, vita, malaika.

DADA: Mtu anachoka! Umemkalisha dakika ishirini, shingo inamuuma, anataka simu yake, anataka kujua amependeza au la. Na ukimkosea pua, ananuna. Birika likikosewa pua halinuni. Linakaa. Ukirudi kesho liko palepale, na bonyeo lake liko palepale. Kwa mtu anayejifunza peke yake usiku baada ya kazi, hakuna mwalimu mvumilivu kuliko huyo.

KAKA: Kwa hiyo si kwamba vitu vilikuvutia. Ni kwamba havikukimbia.

DADA: Mwanzoni ndivyo ilivyokuwa, nisidanganye. Mapenzi yalikuja baadaye.

KAKA: Hebu tuelewane kwanza na wasikilizaji. Aina hii ya picha, chupa, matunda, vyombo mezani, tunaiitaje? Maana nimejaribu kutafuta neno moja la Kiswahili nikaishia kuzunguka.

DADA: Mimi nasema picha za vitu vilivyotulia. Wengine wanasema vitu tuli. Nimechagua «vilivyotulia» kwa sababu ina mtu ndani yake, unaielewa? Kitu tuli ni kitu tu. Kilichotulia kilikuwa na shughuli kabla ya hapo. Birika lilichemsha maji, likamwagwa, likawekwa. Sasa limetulia.

KAKA: Wafaransa wanaita nature morte, nilisoma mahali. Asili iliyokufa.

DADA: Mh! Jina hilo silipendi hata kidogo. Waholanzi ndio waliopata: stilleven. Maisha yaliyotulia, yaliyonyamaza. Kitu kimoja, majina mawili, na kila jina linakufanya ushike brashi kivingine. Ukiambiwa unachora maiti utachora maiti.

KAKA: Lakini huwezi kuwalaumu. Picha hizi zilidharauliwa muda mrefu.

DADA: Na dharau hiyo ilipangiwa madaraja, mdogo wangu, ikaandikwa. Mwaka 1667 huko Ufaransa, André Félibien, mtu wa ile Akademia ya kifalme ya uchoraji, alipanga picha kama watu wanaopanga viti kwenye sherehe. Mbele kabisa picha za historia na masimulizi makubwa. Halafu watu. Halafu wanyama walio hai. Halafu mandhari. Nyuma kule, karibu na mlango wa kutokea, matunda, maua na kombe za baharini.

KAKA: Kwa hoja gani?

DADA: Kwamba binadamu ndiye kazi bora ya Mungu duniani, kwa hiyo anayemchora binadamu ni bora kuliko anayechora pera. Ukiisikia haraka inaonekana ina akili.

KAKA: Na ukiisikia polepole?

DADA: Unajiuliza pera ilikuwa kazi ya nani.

[Kicheko]

DADA: Halafu angalia kilichotokea. Mwaka 1728 akaja Chardin, mchoraji Mfaransa, na picha ya samaki aina ya taa, amepasuliwa tumbo, ananing'inia ukutani, matumbo yanang'aa. Pembeni paka kajikunja mgongo, kakanyaga chaza. Kukubaliwa pale Akademia kulikuwa kwa hatua, unatambulishwa, unasubiri, unaleta kazi nyingine. Chardin alipita hatua zote siku moja, kwa samaki na paka. Picha iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, mpaka leo.

KAKA: Kwa hiyo mlango wa nyuma uliingiza mtu.

DADA: Uliingiza mtu, lakini madaraja yalibaki. Mimi mwenyewe nimeyaonja. Nilipeleka picha tatu mahali, mahali sipataji, aliyezipokea akazitazama vizuri tu, kisha akaniambia, «Mazoezi mazuri. Ukimaliza mazoezi utachora nini?»

KAKA: Ala! Ukamjibu nini?

DADA: Nilisema asante nikabeba picha zangu. Jibu lilinijia njiani, kama kawaida. Lilikuwa jibu kali sana, limeharibika bure.

KAKA: Tuambie hapa.

DADA: Hapana, limeshapoa.

KAKA: Basi turudi mwanzo. Siku ya kwanza. Umekaa, birika hilo, penseli. Nini kilitokea?

DADA: Aibu. Ngoja nikuoneshe, chukua hicho kikombe. Kiweke mezani, kaa hapo ulipo. Mdomo wa kikombe una umbo gani?

KAKA: Duara.

DADA: Unaliona duara, au unalijua?

KAKA: Naliona... ngoja. Hapana. Ni kama duara lililolalia. Limebanwa.

DADA: Duaradufu. Sasa kitako je?

KAKA: Kitako kimekaa mezani, kwa hiyo ni mstari ulionyooka.

DADA: Angalia.

KAKA: ... Kimepinda. Tena kimepinda kuliko mdomo!

DADA: Ndiyo. Kwa sababu kitako kiko chini zaidi ya usawa wa macho yako kuliko mdomo, kwa hiyo unakitazama kwa juu zaidi, na duara lake linafunguka zaidi. Ukikinyanyua kikombe mpaka mdomo ulingane na jicho lako, duara la mdomo linakuwa mstari mtupu. Mimi miezi yangu ya kwanza nilichora kila chombo kina mdomo mviringo na kitako kilichonyooka, kwa sababu nilijua meza ni bapa. Vyombo vyangu vyote vilikuwa kama vinataka kuanguka na sijui kwa nini. Nilikuwa nachora nilichokijua. Macho yapo, yamekaa tu, kichwa ndicho kinachochora.

KAKA: Nani alikwambia?

DADA: Hakuna. Nililichukia birika wiki kadhaa, nikadhani mkono wangu ni mzito. Siku moja nikachukua kipande cha karatasi ngumu, nikakitoboa tundu la mstatili, nikachungulia kupitia pale nimefumba jicho moja. Kitako kikapinda mbele yangu. Nilicheka peke yangu usiku. Mtu aliyesoma angeambiwa hilo siku ya pili, dakika tano, akaendelea na maisha yake.

KAKA: Huoni kwamba ulipoteza muda?

DADA: Nilipoteza. Usiniletee zile hadithi kwamba kujifunza peke yako ni bora. Ni ghali. Lakini nilichokigundua kwa hasira sijakisahau, na kilinipa tabia ya kukishuku kichwa changu. Hiyo tabia ndiyo mtaji wangu.

KAKA: Kuna picha moja nyingine hapa, si ya zile za ukutani, haina birika. Hii ndogo. Yai juu ya kitambaa cheupe.

DADA: Kitendawili!

KAKA: Tega.

DADA: Nyumba yangu haina mlango.

KAKA: Yai, umeniangushia rahisi mno.

DADA: Sasa niambie hilo yai lina rangi gani.

KAKA: Jeupe, juu ya kitambaa cheupe. Hebu nisogee... Hee. Hapa chini kuna rangi ya chungwa. Hapa kijivu. Hapa kama buluu kidogo. Dada, nyeupe iko wapi?

DADA: Iko hapo juu kushoto, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Hapo tu ndipo nilipotumia nyeupe tupu. Kwingine kote nimeichafua. Ilinichukua jioni nane.

KAKA: Jioni nane, yai moja.

DADA: Nne za mwanzo nilikuwa nalipaka yai jeupe, kwa sababu nilijua yai ni jeupe. Lilikuwa linafanana na tundu kwenye turubai. Jioni ya tano nikakaa mikono mapajani, nikafinya macho mpaka nikabaki naona mabaka ya giza na mwanga tu. Jambo likawa wazi: upande wa kivuli wa yai ulikuwa mweusi kuliko kitambaa chenye mwanga, mbali kabisa! Yai jeupe, lakini nusu yake ina giza kuliko meza. Na pale chini, kivulini, kuna utepe mwembamba unaowaka. Ule ni mwanga uliogonga kitambaa ukarudi kulipiga yai kwa chini. Kitambaa chenyewe kina joto kidogo, kimezeeka, ndiyo hiyo rangi ya chungwa unayoiona.

KAKA: Kwa hiyo kivuli kina mwanga ndani.

DADA: Kivuli kimejaa habari. Ukikipaka nyeusi umeziba mdomo wa mtu aliyekuwa anakwambia jambo. Na angalia ukingo. Upande wa mwanga, ukingo wa yai na kitambaa vinakaribia kuwa kitu kimoja, nimeviacha vipoteane. Jicho lako ndilo linalomalizia. Nikichora mstari kuzunguka yai lote, nimekunyima kazi yako.

KAKA: Sikujua nina kazi.

DADA: Kila anayetazama ana kazi.

KAKA: Sasa hapa nikuchokoze. Unajiita uliyejifunza mwenyewe. Lakini tangu tuanze umeshanitajia Félibien, umenitajia Chardin. Hao si walimu?

DADA: Ni walimu, na wengi wao marehemu, ndiyo raha yake, hawadai ada. Hakuna aliyejifunza peke yake, mdogo wangu, kuna aliyejifunza bila kuonekana darasani. Van Gogh, yule Mholanzi, alipoamua kuwa mchoraji mwaka 1880 alikuwa na miaka 27, akakaa na karatasi za mazoezi za Charles Bargue anakili moja baada ya nyingine. Baadaye aliingia darasani, hakukaa sana. Na Morandi, Mwitaliano, huyu ndiye ninayemwota, alisoma Akademia ya Bologna, cheti na kila kitu. Lakini ufundi wa kuchonga picha kwenye bamba la shaba kwa tindikali alijifundisha mwenyewe, vitabuni. Kisha akaja kuufundisha pale pale Akademia, kuanzia 1930 mpaka 1956. Sasa huyo ni wa chuo au si wa chuo?

KAKA: Morandi ndiye yule wa chupa?

DADA: Wa chupa. Alizaliwa 1890, akafa 1964, sehemu kubwa ya maisha yake nyumba moja mtaa wa Via Fondazza na dada zake watatu, chumba kimoja kitanda na chupa. Chupa nyingine alizipaka rangi zisiwe na mng'ao. Vumbi aliliacha likae. Na alikuwa anachora alama za penseli mezani kuzunguka kila chombo, ili kikisogezwa kirudi mahali pake. Nilipolijua hilo nikajisikia sina wazimu.

KAKA: Kwa nini?

DADA: Angalia chini ya birika.

KAKA: ... Kuna mstari wa penseli. Umelizungushia.

DADA: Nilikuwa nafanya hivyo kabla sijamjua.

KAKA: Haya. Nani mwingine? Nataka aliyejifunza mwenyewe kikwelikweli.

DADA: Séraphine Louis. Mfaransa, alizaliwa 1864. Alikuwa mtumishi wa ndani, anafua, anasugua sakafu kwenye mji wa Senlis, na usiku anachora matunda na maua, rangi anachanganya mwenyewe kwa namna aliyoifanya siri. Mwaka 1912 mnunuzi wa picha, Wilhelm Uhde, yuko kwa jirani, anaona picha ya matofaa. Anauliza nani kachora. Anaambiwa: huyo mama anayekusafishia nyumba.

KAKA: Kumbe yuko kwake siku zote!

DADA: Yuko kwake, ameinama, anafuta. Macho yalikuwepo, hayakumwona. Sipendi lakini namna hadithi hiyo inavyosimuliwa, kana kwamba Séraphine alianza kuwepo siku Uhde alipomwona. Matofaa yalikuwa yameshachorwa. Na mwisho wake haukuwa mzuri, alifia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1942, wakati wa vita. Mimi namfikiria zaidi zile jioni kabla ya 1912. Mtu ametoka kusugua, mikono imevimba, halafu anachora tofaa. Kwa ajili ya nani?

KAKA: Hilo linakugusa.

DADA: Linanigusa. Tuendelee.

KAKA: Basi niulize la kawaida ambalo kila mchoraji anaulizwa. Msukumo unatoka wapi? Unaamka asubuhi, inakujia?

DADA: Hainijii. Naikuta. Na karibu kila mara naikuta kwenye dakika ya arobaini, nikiwa nimeshachoka kulitazama hilo birika na sioni kipya. Hapo ndipo kinatokea kitu. Kuna jioni niligundua nafasi kati ya mpini na mwili wa birika ina umbo la sikio. Miaka miwili nalichora na sikuwahi kuliona hilo sikio, kwa sababu nilikuwa nachora mpini. Nikachora picha nzima kwa kuchora nafasi tu, zile sehemu zisizo na kitu. Birika likajitokeza lenyewe katikati. Ni ile ya tatu kutoka dirishani.

KAKA: Hiyo ndiyo niliyoipenda, bila kujua kwa nini.

DADA: Umejua sasa, huenda ukaacha kuipenda.

KAKA: Lakini je, huwi na hamu ya vitu vizuri zaidi? Maua, zabibu, vikombe vya dhahabu?

DADA: Hamu ninayo. Ila kitu kizuri kinanichosha haraka, kimeshajimaliza. Kuna picha ya Mhispania, Sánchez Cotán, ya karibu na mwaka 1602. Dirisha la jiwe, nyuma giza totoro. Tunda wanaloliita kwinsi linaning'inia kwa uzi. Kabichi nalo linaning'inia kwa uzi. Kizingitini tikiti limekatwa, na tango limetokeza kidogo nje, kama linakujia. Basi. Kabichi! Na ukilitazama unanyamaza kama umeingia mahali pa ibada. Mwaka 1603 huyo bwana aliacha kazi yake Toledo akajiunga na watawa wasiosema. Sishangai.

KAKA: Na wale wa kudanganya macho? Ile hadithi ya zabibu.

DADA: Zeuxis na Parrhasius. Imo kwa Plinio, Mrumi wa kale. Wagiriki wawili wanashindana. Zeuxis anachora zabibu, ndege wanakuja kuzidonoa. Anajisikia ameshinda, anamwambia mwenzake, haya, fungua pazia tuione yako. Kumbe pazia ndilo picha.

KAKA: [Anacheka] Na sisi tunasema macho hayana pazia.

DADA: Ya Zeuxis yalikuwa nalo! Ni hadithi tamu, lakini imetuharibia. Watu wanadhani sifa kuu ya mchoraji wa vitu ni kwamba mtu atataka kula limau. Nikitaka ule limau nitakupa limau. Caravaggio, mchoraji Mwitaliano, kile kikapu chake cha matunda cha karibu na 1599, kiko Milan, tofaa la mbele kabisa lina tundu la mdudu. Majani yamekauka, mengine yametobolewa. Angeweza kugeuza tofaa, tundu liende nyuma. Hakuligeuza. Huyo sitaki kula tofaa lake, ila namwamini kila alichokiweka mle ndani.

KAKA: Matunda yenyewe yanaoza ukiwa unachora, au?

DADA: Yanaoza, na hapo unajijua wewe ni mchoraji wa namna gani. Van Gogh, Agosti 1888, anachora alizeti mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, anakimbizana nazo, anaamka na jua, kwa sababu zinanyauka na inabidi amalize kwa pumzi moja. Cézanne, Mfaransa, kinyume. Mzito huyo! Matunda yalimwozea mezani, maua ya kweli yakamshinda, akageukia ya karatasi. Na kijana mmoja aliyemwona akipanga meza alieleza jinsi alivyokuwa anaweka sarafu chini ya matunda, moja, mbili, ili yainame anavyotaka.

KAKA: Sarafu chini ya pichi! Huo si udanganyifu?

DADA: Nami niliposikia nilikata tamaa kidogo. Halafu nikajaribu. Nikaweka kifuniko cha chupa chini ya limau. Likainama, ncha yake ikaligeukia birika, na ghafla vile vitu viwili vikawa vinasemezana. Kabla ya hapo vilikuwa kama abiria kwenye basi.

KAKA: Wewe uko upande wa Cézanne basi.

DADA: Niko upande wa mwenye birika. Haliozi.

KAKA: Umewahi kuharibu kazi kabisa? Si kuparura, kuharibu.

DADA: Moja inaniuma mpaka leo. Birika usiku, taa moja. Nilipaka nyuma yote rangi nyeusi ya mifupa iliyochomwa, nikaitia mafuta ya kitani mengi ing'ae. Baada ya wiki nikaigusa, juu imekauka. Nikapita juu yake na kahawia ya udongo, nyembamba, nimeizimua kwa tapentaini. Ilipendeza! Miezi kadhaa baadaye naitazama, imepasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi.

KAKA: Kosa lilikuwa nini?

DADA: Rangi za mafuta hazikauki kama nguo kwenye kamba. Maji ya nguo yanaondoka. Mafuta ya kitani hayaondoki, yanavuta oksijeni ya hewani na kugeuka magumu, polepole. Ile nyeusi ni mvivu kukauka, na nilikuwa nimeinywesha mafuta. Ile kahawia inakauka upesi. Kwa hiyo juu kukawa kugumu, chini bado kunatembea. Juu kufanyeje? Kukapasuka. Kanuni ni ya zamani: tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu yazidi. Nilikuwa nimelisoma hilo, nikalidharau. Halafu, naomba niseme hili kwa anayeanza: matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunjekunje ukayarundika pembeni. Yanajipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka, bila kiberiti. Yatandaze yakauke, au yaloweke maji kwenye kopo la chuma lenye mfuniko.

KAKA: Sikulijua hilo kabisa. Na picha za simu? Piga birika picha, chora kwenye picha, usihangaike na mwanga unaohama.

DADA: Wapo wanaoweza, siwakatazi. Mimi simu inanikatia mambo kabla sijaamua. Vivuli inavibana vinakuwa shimo, na ile ya chungwa chini ya yai isingekuwepo. Halafu simu ina jicho moja limesimama. Mimi nina mawili na kichwa kinachoyumba, kila nikiinama kwenye paleti, kibao cha kuchanganyia rangi, nikirudi, birika limesogea kidogo. Ile yumbayumba naitaka iwemo. Simu naitumia kwa kazi nyingine. Makumbusho kama Rijksmuseum ya Uholanzi wameziweka picha zao wazi, unazipakua bure, unavuta karibu mpaka unaona unywele wa brashi. Hilo darasa wenzangu wa zamani hawakulipata. Ndiko nilikomkuta Clara Peeters.

KAKA: Huyo simjui.

DADA: Mchoraji wa Flanders, sehemu ya Ubelgiji ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1600, wakati ambao wanawake wachoraji walihesabika. Makumbusho ya Prado, Madrid, walimfanyia maonyesho yake peke yake mwaka 2016, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo pale. Sasa, ana picha ya 1612, maua na vikombe vya dhahabu vyenye vinundu. Unavuta karibu kinundu kimoja, unaona doa. Unavuta tena, doa lina kichwa. Ni yeye! Amekaa mbele ya meza yake anachora, na kila kinundu kinamwakisi. Amejichora humo, mdogo kuliko ukucha, tena mara kadhaa.

KAKA: Subiri. Kwenye birika zako kuna doa. Nililiona kwenye hii ya saba, nikadhani ni uchafu. Na hii pia. Na ile.

DADA: Uliona?

KAKA: Karibu na bonyeo. Doa la kahawia, na mstari wa mwanga kando yake.

DADA: Mstari ni dirisha. Doa ni mimi. Sikujua mpaka nilipomwona Peeters. Nilikuwa nachora umbo la giza lililokuwepo kwenye stili, kwa uaminifu tu, picha sita nzima, bila kujiuliza ni la nini. Nilipotoka kwa Peeters nikainua mkono. Doa likainua mkono.

KAKA: Ngoja nione. Sasa hivi kuna... hebu niligeuze kidogo—

[Sauti ya chuma ikikwaruza meza]

DADA: Usiliguse!

KAKA: Kidogo tu! Nilikuwa nataka kuona kama na mimi nimo.

DADA: Alama ya penseli iko wapi? Umelizungusha. Siku tisa nimelipanga hilo, limau lilikuwa linalitazama... Mungu wangu.

KAKA: Samahani, dada. Narudisha, tazama, narudisha.

DADA: Acha.

KAKA: Mpini ulikuwa huku, si ndiyo?

DADA: Acha, nimesema. Toa mkono. Sogea nyuma. Hapo. Bonyeo limeingia kwenye mwanga, unaona? Halikuwahi kukaa mwangani. Siku zote nimelichora kama kivuli.

KAKA: Kwa hiyo nimefanya vizuri?

DADA: Umefanya vibaya sana. Nipe huo mkaa, hapo kwenye kopo. Si huo, ule mwembamba.

KAKA: Na kipindi? Tulikuwa bado hatujafika kwenye—

DADA: Zima hiyo mashine, jua linahama.

[Mwisho wa rekodi]